Balbu ya Miguu Miwili

Saa nne asubuhi ya Jumatano, Sajenti Ignatius aliingia katika duka la spea la Moraa, faili kwapani, moyo mwepesi. Alikuwa amebakiza karatasi moja tu. Barasa, dereva wa gari aina ya Probox kutoka Navakholo, alikuwa selo tangu Jumatatu jioni, na mahakama ilikuwa imetoa muda hadi leo saa nane afikishwe na kusomewa mashtaka. Moraa angeandika taarifa kwamba Barasa alinunua balbu ya taa ya mbele asubuhi ile ya Jumatatu, angetia sahihi, na mambo yangeisha.

Ajali yenyewe ilitokea Jumapili magharibi. Roda Ayuma, mama muuza njugu, alikuwa akitembea kando ya barabara ya Navakholo, karibu na mizani ya kupimia miwa, gari likamgonga kwa nyuma na kumvunja miguu yote miwili. Gari halikujulikana. Lilichoacha nyuma ni kipande cha plastiki ya taa, kikubwa kuliko kiganja kwa kiasi kidogo, na mama mmoja aliyelala mtaroni mpaka waendesha bodaboda walipomsikia.

Koplo Chemutai, aliyefuatana na Ignatius, ndiye aliyemhoji Roda hospitalini. Roda alimwambia kwamba dereva alisimama. Alishuka, akamwekea mkono kichwani, akamwombea, kisha akarudi garini akaenda zake. Ignatius alisoma maneno hayo Jumatatu asubuhi, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mgonjwa anaweweseka. Chemutai hakubishana naye. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na tabia ya kurudia vitu. Kipande kile cha plastiki alikuwa amekitoa kwenye bahasha na kukirudisha mara nyingi hata bahasha ikalegea.

Moraa alikuwa ameuza spea mjini Kakamega miaka ishirini, na miwani yake ilishikwa na kamba ya kiatu. Aliwapa viti, akasema yuko tayari kuandika. Ndiyo, Barasa alikuja Jumatatu, duka likifunguliwa. Ndiyo, alitaka balbu ya taa ya mbele. Ignatius alikwisha kumsukumia karatasi, lakini Chemutai akaomba aone kwanza aina ya balbu yenyewe.

Moraa alinyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, akaweka kasha dogo juu ya kaunta, akalifungua.

"Hii ndiyo ya Probox. Miguu mitatu. Ndani iko na nyaya mbili, moja ya mwanga mfupi na moja ya mwanga mrefu."

Chemutai alitoa kipande chake cha plastiki, akauliza kama balbu hiyo ingeingia kwenye taa iliyomeguka kipande kile.

Moraa alikipeleka mlangoni penye mwanga. Alipitisha ukucha kwenye kona yake, mahali palipokuwa na herufi moja na tarakimu moja zilizoinuka, ndogo kama punje za mtama: H7. Ignatius alikuwa ameziona Jumapili ile ile. Alidhani ni namba ya kiwanda, kama zile zilizo chini ya sahani.

"Hii si ya Probox," alisema Moraa. "Taa yenyewe imeandikwa balbu inayotaka. Hii inataka ya miguu miwili."

Ignatius alisema pengine Barasa alikwisha kubadilisha taa. Alisema madereva wa huku huweka chochote kinachopatikana, na kwamba taa ya Probox ile ilikuwa na ufa uliobandikwa selotepu, ameuona kwa macho yake.

"Wanawekanga chochote, ni kweli," Moraa alimjibu. "Lakini mguu wa tatu atauweka wapi, afande? Atauweka mfukoni?"

Chemutai hakucheka. Aliuliza ni nani aliyenunua ya miguu miwili wiki hii. Kabla Moraa hajajibu, simu ya Chemutai ililia, ilikuwa hospitali. Akatoka nje kuipokea, akasimama kibarazani akiwa amewapa mgongo.

Moraa alimtazama Ignatius jinsi mtu anavyomtazama mgeni wa heshima ambaye zipu yake iko wazi, na hakuna wa kumwambia.

"Ya miguu miwili watu hawaulizi sana," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki hii nimeuza moja. Si unajua?"

"Nijue vipi?"

"Si ni wewe ulinunua."

Jumatatu ikamrudia Ignatius yote, saa kwa saa.

Katika kanisa lao, wazee, naye akiwa mmoja wao, huhudumia gari la mchungaji kwa zamu. Mwenye zamu ndiye huliosha, hulijazia upepo, na kitu kikiharibika hukitafuta mjini. Wiki hii ilikuwa zamu ya Ignatius, na aliionea fahari. Jumatatu saa nne Mchungaji Sydney alimpigia kumwambia taa ya gari imeungua. Ignatius akapita kwa Moraa, akachukua balbu ya miguu mitatu kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuiona, akaipeleka. Mchungaji aliipokea mlangoni, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akarudi akasema haiingii. Ndipo akampa ile mbovu, imeviringwa katika karatasi laini, aende nayo iwe kielelezo. Hivyo ndivyo watu wote wanunuavyo spea: unabeba ile iliyoharibika, mwenye duka anaitazama, anakupa mwenzake.

Ignatius aliibeba katika mfuko wa shati hadi dukani. Na alipokuwa amesimama hapa hapa, huku Moraa akiifunua, yeye alianza kazi ya serikali. Alimuuliza mama huyo nani mwingine alinunua balbu siku hiyo. Moraa akamtajia Barasa. Saa kumi Barasa alikuwa na pingu mikononi katika soko la Navakholo.

"Ile mbovu uliniachia," Moraa aliendelea. "Nazitunzanga, za kuonyesha wateja wasiojua majina." Aliinua mkebe wa rangi uliojaa balbu kuukuu, akachokoa, akatoa karatasi ile ile laini.

Kioo chote kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni kitako cha chuma chenye miguu miwili, vinundu vya kioo pembeni, na kisiki cha waya. Kuzunguka waya palikuwa na unga mweupe unaoelekea manjano, kama vumbi la mahindi.

Moraa alimweleza bila kumtazama. Balbu iliyoungua yenyewe huwa na kioo kizima, nacho huwa cheusi kwa ndani kama chemni ya kandili. Hii haikuungua yenyewe. Kioo kilivunjika ikiwa inawaka, waya ukakutana na hewa ukiwa wa moto, ukateketea. Majivu yake ndiyo haya.

"Nilikuambia Jumatatu kwamba hii imevunjika. Ukasema labda ilianguka."

Alikuwa amesema hivyo. Mchungaji hakuwa amemwambia kwamba ilianguka. Ni yeye Ignatius aliyemtafutia sababu, bila kuombwa.

Chemutai bado alikuwa na simu sikioni. Moraa alifunika mkebe nusu.

"Mkebe uko na balbu nyingi, mzee," alisema. "Mtu kama mimi anaweza kusahau ni gani ililetwa na nani. Ulinisaidia wakati ule duka langu lilivunjwa. Sisahau hilo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa nyuma. Ignatius aliishika balbu, ikamtoshea kiganjani bila kuonekana. Alisema, "Bwana Yesu." Mbele ya macho yake aliiona kalamu nyekundu ikiandika kwamba mgonjwa anaweweseka.

Chemutai aliingia akiweka simu mfukoni. Alisema Roda atapasuliwa kesho, na daktari hawezi kuahidi kwamba atatembea. Amehojiwa tena na muuguzi, na amesema yale yale: mkono kichwani, na sala. Ameongeza kwamba Kiswahili cha yule mtu kilikuwa kimenyooka, kama cha mimbarini.

Ignatius alifungua kiganja juu ya kaunta.

"Koplo, andika," alisema. "Balbu hii niliileta mimi."

Chemutai aliitazama balbu, akaitazama karatasi laini, akamtazama yeye. Hakuonyesha kushangaa. Alivuta kiti, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane ya kazi, Ignatius akakaa upande wa wanaoulizwa.

"Ya gari la nani?"

"La kanisa letu. Mchungaji Sydney ndiye huliendesha."

"Gari gani?"

"Volkswagen. Ile ya viti saba."

"Taa yake uliiona?"

"Sikuiona."

"Gari lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na wewe?"

"Kwenye veranda."

"Hatua ngapi kutoka hapo?"

"Kumi. Kumi na mbili."

"Ukifanya nini?"

"Nikinywa chai."

Chemutai aliandika hata chai. Ignatius aliona neno hilo likiandikwa, herufi nne, akageuza uso kutazama rafu za vichujio vya mafuta.

"Na wakati huo ulijua tunatafuta gari lenye taa iliyovunjika?"

"Nilijua. Ni mimi niliyelitangaza asubuhi kwa vituo vyote."

Chemutai alimpigia mkuu wao, Inspekta Kiplagat. Mkuu aliagiza kwamba Chemutai ashike faili, kwamba Ignatius tangu dakika hiyo ni shahidi, na kwamba kama ataandamana naye basi aende kuonyesha nyumba tu na kinywa akifunge. Ignatius alimkabidhi faili kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wadogo kwa wakubwa.

Njiani Chemutai aliendesha mwenyewe. Ignatius, kiti cha nyuma, alimwambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Jana jioni, katika ibada ya maombi, alisimama kushuhudia. Alimshukuru Mungu kwa kumtia mkosaji mikononi mwake siku ya kwanza tu ya upelelezi. Kanisa zima liliitikia amina, na mchungaji naye, macho yamefumbwa, akaitikia.

"Ulitaja jina?" aliuliza Chemutai.

"Nilitaja. Na kijiji."

Chemutai aliongeza mwendo mpaka walipofika kwa mchungaji.

Mchungaji Sydney alitoka akitabasamu alipomwona Ignatius, akamwita mzee wangu, akauliza kama amekuja kuliosha Volkswagen mapema. Chemutai alijitambulisha kwa jina na cheo, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba na bahasha yake. Gari lilikuwa limeegeshwa pua ikielekea ukuta, kiasi kwamba ilimbidi apite kwa ubavu. Walisikia bahasha ikifunguliwa. Kipande kilikaa mahali pake bila kusukumwa, na ndani ya taa ile balbu mpya ya miguu miwili iling'aa.

Aliporudi, mchungaji alikuwa amekwisha kuketi ngazini. Hakukana. Alisema alitoka kumzika mtu, alikuwa amechoka, jua la machweo lilikuwa machoni. Alisema alishuka na kumwombea yule mama kwa moyo wake wote.

"Mchungaji," alisema Chemutai, "simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa na moto wa kupiga?"

"Ilikuwa nao."

"Ulimpigia nani?"

Mchungaji alisugua magoti. Kisha alimgeukia Ignatius, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kueleweka na mwenzake wa siku nyingi.

"Nilikusudia kusema, mzee. Jumatatu nilipokuita, nilidhani ukifika utaona mwenyewe. Nikakungoja uulize. Ukanywa chai, ukaniuliza habari za watoto. Na jana uliposimama ukasema Mungu amemtoa mkosaji, niliwaza, labda ndivyo alivyopenda Mungu."

Ignatius alitazama veranda. Meza ilikuwa pale, na kiti alichokalia kilikuwa kinaelekea pembe ya nyumba. Kama angeinuka tu na kuizunguka pembe ile, angeiona taa.

Saa saba na nusu walirudi kituoni na mchungaji. Chemutai ndiye aliyejaza kitabu, ndiye aliyepiga simu mahakamani. Ignatius alimwendea Inspekta Kiplagat, akaomba ruhusa amfungulie Barasa yeye mwenyewe. Kiplagat alisema mlango ni mlango, yeyote anaweza kuufungua, lakini akampa ufunguo.

Barasa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu bila kamba. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na tangu akamatwe alikuwa amejibu kila swali kwa jibu moja, kwamba balbu yake iliungua tu. Ignatius alimwambia kwamba ni huru, na kwamba aliyemgonga Roda amepatikana. Kisha akaeleza yote: balbu, mfuko wa shati, veranda. Aliyasema akiwa amesimama, akaona haifai, akachuchumaa.

"Nisamehe," alisema mwishoni.

Barasa hakuinuka.

"Mimi nimesikia, afande. Mimi ni mwanamume, siku mbili za selo sitakufa. Lakini yule mama alikuwa kwa gari langu, ulijua ni nani?"

Ignatius alikumbuka bibi fulani mwenye leso ya kijani, kiti cha nyuma kabisa. Alidhani ni abiria.

"Ni mama mkwe wangu," alisema Barasa. "Nilikuwa nampeleka kliniki ya presha. Hajawahi kupanda gari langu, ni ugonjwa ulilazimisha. Alikaa nyuma, mke wangu akakaa katikati yetu, tukawa tunaenda hivyo bila kuangaliana, kama inavyotakiwa. Wewe ukanitoa. Ukasema nivue shati nipekuliwe. Ukanikalisha chini kwa matope, kifua wazi, mbele yake. Mama alifunika uso na leso, akalia. Mke wangu alikuja jana na chakula. Anasema mama amerudi kwake Matete na hawezi kukanyaga kwangu tena, na mimi siwezi kukanyaga kwake. Hata mtoto wangu akizaliwa hatakuja kumwona."

Ignatius alizaliwa na kulelewa Isukha, katika mila zile zile. Hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo lile. Yeye mwenyewe, mama mkwe wake akipita njiani, huingia shambani mpaka apite.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi siwezi kwenda kumwambia. Hata mke wangu akisema, ataonekana anatetea bwana yake. Aliyenivua shati ndiye anaweza kusema."

Ignatius alivua kofia yake ya kazi, akaiacha juu ya meza ya zamu. Alipanda gari la Matete, na kutoka sokoni akaulizia njia kwa miguu. Alifika saa kumi na moja, jua bado liko juu ya mahindi. Bibi alikuwa mlangoni pake akichambua maharagwe katika ungo. Alimtambua tangu langoni. Mikono yake ilisimama, lakini hakuinuka wala hakumkaribisha.

Palikuwa na kigoda kando ya mlango. Ignatius alikipita, akaketi chini, kwenye udongo, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Alimwamkia akimwita mayi, yaani mama. Alisema jina lake na kazi yake. Kwa sauti ya chini, uso umeinama, alianza kueleza kwamba mkwe wake hana hatia, kwamba kosa lote ni la yeye aliyemkamata.

Bibi aliinua kiganja kumnyamazisha.

"Siku ile sokoni," alisema, "watu walikuwa wangapi?"

"Walikuwa wengi, mayi. Mia, labda zaidi."

"Mimi hapa niko mmoja."

Aliweka ungo kando. Aliita kwa jirani ng'ambo ya ua, akaita tena kwa jirani wa pili, akataja majina ya wanawake na ya waume zao. Wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine na vigoda, wengine na watoto mgongoni, wakamzunguka mgeni aliyeketi kwenye udongo bila kuelewa ni nani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bibi alingoja mpaka wa mwisho alipoketi, akajifunga leso yake vizuri.

"Sasa anza tena," alimwambia Ignatius, "na uso uuinue."